Kutoga Si Kutoboa

Mwongozo wa wafanyakazi si kitabu ambacho mtu hukisoma kwa raha. Unapewa siku ya kwanza kazini pamoja na kitambulisho, unasaini ukurasa wa mwisho kuthibitisha kwamba umeusoma na kuuelewa, kisha unautia kwenye droo na hamwonani tena. Wa kwetu, katika benki ninayofanyia kazi hapa Dar es Salaam, ulitoka upya mwaka juzi, na kwa mara ya kwanza ulitoka kwa Kiswahili. Niliusoma wote. Nilikuwa na sababu: kifungu cha mwonekano kilinihusu mimi, na kilinihusu puani.

Nataka kukisoma kifungu hicho hapa kama ninavyosoma hadithi fupi. Kimeandikwa na mtu, kina msamiati wake, kina mhusika mkuu asiyetajwa jina, na kuna mambo kinayaficha. Sisi tunapenda kubishana kama inafaa binti aingie ofisini na kipini, au kijana wa kiume akae kaunta na hereni. Ubishi wenyewe huisha haraka: huyu anasema uhuni, yule anasema mwili wangu, chai inapoa. Maneno ya kanuni yenyewe hakuna anayeyatazama.

Kifungu kina sentensi tatu. Ya kwanza inamtaka mfanyakazi awe nadhifu na aakisi weledi wa taasisi. Ya pili inasema hairuhusiwi kuonyesha sehemu za mwili zilizotobolewa, ikiwemo pua, nyusi, midomo na ulimi. Ya tatu inatoa msamaha: wanawake wanaweza kuvaa hereni ndogo, moja kwa kila sikio, isiyoning'inia.

Nilikwama kwenye neno moja, zilizotobolewa. Kiswahili kina kitenzi chake cha jambo hili, nacho ni kutoga. Mtoto hutogwa masikio, msichana hutogwa pua. Kutoboa ni kwa mambo mengine: msumari hutoboa tairi, panya hutoboa gunia, mtu mwenye mdomo mwepesi hutoboa siri. Siku hizi kijana akipata kazi nzuri mtaani wanasema ametoboa, na ninavyojua mimi hakuna mfanyakazi wa benki yetu ambaye kwao hawajasema hivyo. Kwa hiyo sote pale tumetoboa, ila tusionekane tumetobolewa.

Kutoga kuna maana ya tundu linalosubiri pambo. Lugha imelichukulia jambo hili kwa uzito kiasi kwamba tundu la sikio lina jina lake, ndewe, na mapambo yana majina kwa umbo na kwa mahali. Kipini kile kidogo cha puani. Hazama inayoning'inia. Kipuli cha sikioni, na jasi, lile pana la bibi zetu lililojaza ndewe yote. Kusini, kwa Wamakonde, ndonya ya mdomo wa juu, ambayo leo wengi wetu tunaijua kwa kuiona kwenye vinyago. Watu hawabuni majina mengi hivyo kwa jambo la kupita njia. Ukiyakusanya yote na kuyaita sehemu zilizotobolewa, umeshayatolea hukumu kabla hujafika kwenye neno hairuhusiwi.

Sidhani mwandishi alikusudia. Ninavyokisia mimi, alikuwa na waraka wa Kiingereza upande mmoja wa skrini na anashuka nao mstari kwa mstari. Waraka huo uliandikwa kwa ajili ya miji ambako pua yenye tundu ilikuwa na historia nyingine kabisa. London ya miaka ya 1970, vijana wa panki walijichoma pini za nguo masikioni na mashavuni ili wazazi wao na wakubwa wa kazi wachukie, na walifanikiwa. Kanuni nyingi za ofisi bado zina hofu ya kijana yule. Kwetu pwani, aliyetogwa pua hakuwa anamkasirisha mama yake. Mara nyingi mama ndiye aliyeshika sindano.

Yangu alishika shangazi, Tanga, likizo ya Desemba nikiwa darasa la tano. Sindano iliyopitishwa kwenye moto, uzi, mafuta ya nazi ya vuguvugu. Baadaye uzi ukatolewa nikavaa kijiti cha chelewa, kilichokatwa kwenye ufagio mpya, mpaka kidonda kilipopona. Kipini cha dhahabu, kidogo kuliko punje ya mtama, kilikuwa cha bibi yangu, naye alikivaa tangu ujana wake. Shuleni nilirudi na kijiti cha chelewa, kwa sababu walimu walikuwa na kanuni zao na chelewa haing'ai. Sina kinyongo na walimu. Shule ina sare, na sare ni sare kwa wote.

Kifungu cha ofisini si sare kwa wote, na hapo ndipo sentensi ya tatu inapokisaliti. Meneja wangu ana matundu mawili, moja kila sikio. Mimi nina matatu. Ubishi wetu wote, barua pepe zote, vikao viwili na rasilimali watu, ni juu ya tundu moja. Mwili wa mwanamke uliotogwa haumsumbui mwandishi hata kidogo. Masikio matupu pengine ndiyo yangemshangaza. Kinachomsumbua ni tundu kuhama kutoka sikioni kwenda puani, au kuhama kutoka sikio la mwanamke kwenda sikio la mwanamume. Basi kanuni haizungumzii kutoga. Inazungumzia nani na wapi, na imetafuta neno kubwa la kujificha nyuma yake.

Halafu kuna ile hairuhusiwi. Kiswahili hukupa nafasi nzuri ya kumficha mtenda: hairuhusiwi, haitarajiwi, haipendezi. Nani haruhusu? Nilimuuliza afisa rasilimali watu, dada mmoja mpole ambaye sidhani kama yeye mwenyewe anaijali pua yangu. Alisema ni taasisi. Taasisi ni nani? Ni wateja, akasema.

Wakati tunasubiri wateja watoe kauli, yeye ndiye aliyenishauri plasta. Tundu langu lina miaka kumi na tano lakini likikaa tupu kutwa nzima hubana, na kukirudisha kipini jioni ni maumivu. Kwa hiyo kwa miezi kadhaa niliwahudumia watu nikiwa na plasta ya rangi ya kahawia ubavuni mwa pua, kwa jina la unadhifu. Kipini kilikuwa hakionekani mpaka mtu akisogee. Plasta ilionekana tangu mlangoni. Nilipewa pole nyingi mwaka ule kuliko mfiwa.

Siku moja ya pensheni alifika bibi mmoja dirishani kwangu, amejitanda kanga, puani ana kipini chake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Pole, pua imefanya nini?"

"Sijaumia, bibi. Nimefunika kipini."

"Unakifunika, kwani cha wizi?"

Mwenzangu wa dirisha la pili alicheka mpaka akakosea kuhesabu. Mimi nikasema ni utaratibu wa kazi, bibi akasema haya, akanisogezea kitabu chake.

Hoja ya wateja ndiyo nzito kuliko zote upande wa pili, na sitaki kuipita kwa dharau. Benki inauza kuaminiwa. Mtu anakukabidhi ada ya watoto, au fedha za kiwanja alizokusanya miaka sita, na anataka uso wa mbele yake umwambie kwamba hapa hapachezewi. Ninaikubali hoja hiyo. Ndiyo maana nanyoosha blauzi yangu usiku, ndiyo maana sitafuni jojo kaunta. Mwonekano ni sehemu ya kazi, na anayesema nguo haimhusu bosi hajawahi kuhudumia foleni ya mwisho wa mwezi.

Lakini mteja anayezungumzwa kwenye mikutano ni mmoja tu, na ndiye yule mhusika mkuu asiyetajwa niliyemsema mwanzo: mzee wa makamo, suti, miwani, anayeshtuka upesi. Nimekaa dirishani miaka mitatu. Ninaowaona mimi ni mama wa samaki kutoka Feri mwenye noti zenye harufu ya kazi yake, machinga wa Kariakoo, makondakta, wastaafu, mama wa Kihindi kutoka Kisutu ambaye kipini chake cha almasi kinaushinda mshahara wangu. Wanalalamika sana. Wanalalamikia foleni, makato yasiyoeleweka, mtandao ulio chini, kalamu iliyofungwa kamba fupi. Kabla ya plasta, aliyewahi kusema neno juu ya pua yangu ni mmoja: "Binti, hapa ni benki au ni ukumbi wa taarabu?" Nilimpa risiti yake. Wiki iliyofuata alipanga foleni dirishani kwangu, ingawa la jirani lilikuwa tupu.

Kama tatizo lingekuwa ni tundu lenyewe kuwatisha watu wenye fedha, mlango wetu ungekuwa na mlinzi mwingine. Anayesimama pale ni Mmasai. Ndewe zake zimevutwa mpaka zinakaribia shingo, amezitia shanga, ana shuka na rungu. Hakuna aliyemwandikia barua. Kampuni za ulinzi za jiji hili zinajua kwamba sura ile ni sehemu ya kinachonunuliwa: mwizi akiona shuka hufikiri mara mbili. Nilipomweleza kisa changu alinitazama puani, akainama atazame vizuri zaidi, akauliza kama ni hako tu. Hana haja ya huruma yangu na hajawahi kuiomba. Ninachosema ni kwamba mtu huyo huyo, kwa masikio hayo hayo, akipanda ngazi tano na kuomba kazi ya dirishani, masikio yake yatabadilika kuwa sehemu zilizotobolewa. Na juu ya kichwa chake, kwenye bango kubwa la barabarani, msanii wa Bongo Fleva mwenye hereni masikio yote mawili anauza vifurushi vya simu kwa tabasamu. Hereni ile ililipiwa. Kwa hiyo masikio yenye matundu yanafaa chini kabisa mlangoni na yanafaa juu kabisa kwenye bango. Hayafai kwetu sisi wa katikati, tunaopaswa kufanana.

Hii si mara ya kwanza nchi hii kubishana juu ya nini kivaliwe na nani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kulikuwa na kampeni mbili ambazo nikiziweka pamoja huwa nashindwa kunyamaza. Operesheni Vijana ya Umoja wa Vijana wa TANU, iliyotangazwa mwaka 1968 na kuanza rasmi Januari 1969, ilipiga marufuku sketi fupi, mawigi, krimu za kung'arisha ngozi na suruali za kubana, kwa hoja kwamba hayo ni mambo ya kigeni yanayoharibu utamaduni wetu. Miaka hiyo hiyo serikali ilikuwa inaendesha kampeni nyingine huko Umasaini, kuwataka Wamasai waache shuka na udongo mwekundu wavae suruali, kwa hoja kwamba yale ni mambo ya kizamani yanayolitia taifa aibu. Dada wa Dar es Salaam alikosea kwa kuwa mgeni mno, mzee wa Monduli alikosea kwa kuwa mwenyeji mno. Kilichobaki katikati, shati na suruali, ndicho kikaitwa kawaida.

Neno kawaida bado linafanya kazi ile ile. Septemba 2018 Spika Job Ndugai aliwazuia wabunge kuingia bungeni na kucha na kope za bandia. Kilichotangulia ni maelezo ya naibu waziri wa afya kuhusu madhara yake, basi mtu angeweza kusema ni suala la afya. Ila kama ni afya, sijui bunge linahusikaje kuliko sebule. Miaka mitatu baadaye, Juni 2021, mbunge Condester Sichalwe alitolewa ukumbini kwa suruali iliyodaiwa kumbana, na safari hiyo hakuna aliyejisumbua kutafuta daktari. Katika visa vyote viwili aliyetazamwa alikuwa mwanamke.

Mpaka hapa msomaji wa pwani atakuwa anatikisa kichwa kukubali, hasa akina dada. Najua, kwa sababu marafiki zangu walinipa silaha moja tu nikaitumie ofisini: waambie ni utamaduni wako. Ni silaha inayofanya kazi. Afrika Kusini ilishinda mahakamani. Msichana wa familia ya asili ya Kihindi ya kusini alizuiwa kipini katika shule ya Durban, shule ambayo kanuni zake, utadhani mwandishi ni yule yule wetu, ziliruhusu hereni moja ndogo kwa kila sikio. Mama yake akaeleza kwamba kwao binti akikua hutogwa pua, ni desturi ya familia. Kesi ilipanda mpaka Mahakama ya Katiba, na mwaka 2007 Jaji Mkuu Pius Langa akaandika kwamba desturi hiyo inalindwa hata kama si lazima, hata kama hakuna dini iliyomwamuru msichana kuifuata. Hapo ndipo penye ujasiri wa hukumu ile. Wengi hudhani kinachostahili kulindwa ni amri tu. Langa alisema hata unachokichagua kinaweza kuwa sehemu yako.

Lakini aliweka mpaka: hukumu ni kwa desturi za kweli za kidini na kitamaduni. Anayetoga kwa kupenda tu, kwa urembo, hayumo. Na mimi mpaka huo unanisumbua, kwa sababu ya kijana ninayefanya naye kazi.

Yeye ni mtu wa Mbeya. Alitogwa sikio la kushoto kwenye saluni ya Kariakoo mwaka wa pili chuoni, kwa sababu, anasema, aliona linampendeza. Hana bibi wa kumtaja wala shangazi mwenye sindano. Ni mwepesi kuliko sisi sote wa kaunta, na foleni yake huisha kwanza. Nikishinda kwa hoja ya utamaduni, mimi narudi na kipini changu na yeye anabaki na plasta sikioni. Nitakuwa nimeipa benki kazi mpya ya kukagua mababu. Atakuja binti wa Kinyamwezi aliyetogwa pua mwaka jana, aulizwe kwenu huvaa? Akisema hapana, avue.

Tena huo utamaduni wenyewe, tuwe wakweli. Kipini hakikuota Tanga kama mnazi. Ni pambo la Bahari ya Hindi, kama kanga na pilau, vitu vilivyosafiri na watu. Katika kila ukoo wenye kipini alikuwepo mwanamke wa kwanza aliyekiona kwa mwenzake kikamvutia, naye hakuwa na bibi wa kumsingizia. Pengine na yeye aliambiwa uhuni. Nikimkatalia kijana wa Mbeya haki hiyo nitakuwa nimemkatalia na mwanamke yule, ambaye ndiye aliyenifikishia punje yangu ya dhahabu.

Kwa hiyo sikutaka msamaha wa kitamaduni. Nilitaka kifungu kiandikwe upya kwa lugha ya kazi. Zipo kazi zinazokataa kipini na hazihitaji neno weledi kujieleza. Mpishi anakivua kwa sababu kinaweza kudondokea kwenye mchuzi. Fundi wa mashine anavua hereni kwa sababu mashine haina adabu, ikishika hereni inashika na sikio. Anayeingia kwenye chumba cha kipimo cha MRI anaacha chuma nje. Kila mmoja wao akiuliza kwa nini, anajibiwa kwa sentensi moja inayoeleweka, na jibu halibadiliki akiwa mwanamume au mwanamke, mlinzi au mkurugenzi. Nilimwomba afisa rasilimali watu aniandikie sentensi kama hiyo kwa kazi ya kuhesabu noti. Alijaribu, nampa heshima yake. Kila alipoanza alifika kwenye neno muonekano akasimama.

Mwezi wa tatu mwaka huu kifungu kilirekebishwa. Neno kutoboa limebaki. Sentensi ya pili imeongezewa maneno, isipokuwa kwa sababu za kidini au kitamaduni, kwa idhini ya meneja wa tawi. Kuna na fomu, yenye mistari minne ya kueleza desturi husika na nafasi ya sahihi ya shahidi. Niliipeleka yangu bila kuijaza mistari ile minne. Ilirudi jioni ile ile, imeidhinishwa. Meneja aliandika mwenyewe, kwa kalamu nyekundu, mwenyeji wa Tanga.

Kijana wa Mbeya naye amepeleka yake. Kwenye mistari minne ameandika moja: napenda. Fomu iko mezani kwa meneja wiki ya tatu sasa, na plasta anainunua kwa pakiti.